Atakayeamka ni nani? Usonji na nafsi katika riwaya ya Elizabeth Moon

Kiswahili kililipa giza miguu zamani sana. Giza huingia, giza hutanda, msafiri hukutwa na giza njiani kabla hajafika aendako. Tunasema hivyo kila siku na hakuna anayeshtuka. Mwanafizikia akitusikia atatusahihisha: giza si kitu, ni mahali tu ambapo nuru haipo, na kisichokuwapo hakina mbio. Chenye mbio ni nuru, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde.

Lou Arrendale, mhusika mkuu wa riwaya ya Elizabeth Moon iitwayo The Speed of Dark, yaani Kasi ya Giza, hatosheki na jibu hilo. Anawaza hivi: nuru ikifika mahali popote, inakuta giza limeshatangulia. Basi giza ndilo lenye kasi zaidi. Wazo hilo analirudia kazini, garini, kitandani, akiligeuza huku na huku kama mtu anayekagua sarafu. Lou ana usonji, yaani ubongo wake umekua kwa namna yake tangu utotoni katika kuhisi, kusema na kuelewana na watu.

Riwaya ilitoka Uingereza mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003, ikatwaa tuzo ya Nebula ya riwaya bora, ambayo hutolewa na waandishi wenyewe wa bunilizi ya kisayansi. Nimeisoma mara mbili. Mara zote mbili nimekifunga kitabu nikiwa na ugomvi na mwandishi, na mara zote mbili nimeshindwa kukiweka kando. Wengi wakiieleza huifanya ionekane kama mjadala wa swali moja: usonji utibiwe au usitibiwe? Kumbe yamo maswali matatu yaliyosokotwa kama nyuzi za kamba moja. Je, Lou ni mgonjwa? Akibadilishwa, atakayeamka ni nani? Na huo uamuzi wa kubadilishwa, ni wake kweli? Ukiyavuta yote kwa pamoja, fundo linakaza. Afadhali tufungue uzi mmoja mmoja.

Kwanza kisa chenyewe. Tuko Marekani, miaka si mingi mbele ya hii yetu. Sayansi imepata njia ya kuuondoa usonji kwa mtoto mchanga au akiwa bado tumboni, kwa hiyo hakuna tena watoto wanaokua nao. Lou na wenzake walizaliwa mapema mno kuipata tiba hiyo. Hata hivyo walibahatika kufundishwa wakiwa wadogo: kusema, kumtazama mtu usoni, kungoja zamu, kujibu salamu kwa sauti inayotakiwa. Wao ndio wa mwisho wa aina yao. Wakiisha wao, hakuna mwingine.

Wanafanya kazi katika kampuni ya dawa, kwenye kitengo chao maalumu, na kazi yao ni kutafuta ruwaza, yaani mpangilio uliojificha ndani ya bahari ya data. Wanaiweza kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Ili waifanye vizuri, wamepewa ukumbi mdogo wa mazoezi wenye trampolini. Mtu akihisi kichwa kimejaa, huenda akaruka, akaruka, mpaka mwili utulie, kisha hurudi mezani. Ofisini mwao mmening'inizwa vidude vya rangi vinavyozungushwa na upepo wa feni, na mna muziki wanaouchagua wenyewe.

Siku moja anakuja bosi mpya, Gene Crenshaw. Yeye anaona gharama tu. Trampolini ya nini? Kwa nini hawa wawe na maegesho yao wenyewe? Kampuni imepata haki za tiba mpya ya majaribio ambayo, kwa mara ya kwanza, inaweza kuubadilisha ubongo wa mtu mzima mwenye usonji. Imejaribiwa kwa wanyama tu. Crenshaw anawaletea ujumbe usio na maficho: jitoleeni kutibiwa, la sivyo kazi zenu ziko hatarini.

Hapo ndipo uzi wa kwanza unapoanzia.

Lou ni mgonjwa? Jumapili moja anasikiliza mahubiri juu ya yule mtu wa Injili ya Yohana aliyelala kando ya birika, ambaye alikuwa hawezi kwa miaka 38. Yesu anamkaribia na kumwuliza swali ambalo ukilisikiliza haraka linashangaza, maana nani alale kando ya birika la uponyaji kama hataki kupona? Lou anatoka kanisani na swali hilo, na halimtoki tena. Katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka swali lenyewe limeandikwa hivi: “Wataka kuwa mzima?”

Lisome tena taratibu. Neno mzima kwetu lina kazi nyingi. Mzima ni mwenye afya. Ndiyo maana tukikutana tunaulizana, u mzima? Mzima ni kamili, kisichomegwa, kama mkate mzima. Mzima ni aliye hai, kwa hiyo ndugu wa abiria hukimbilia eneo la ajali wakiuliza, yu mzima? Na mtu mzima ni aliyekua, asiyeamuliwa mambo kama mtoto. Nikiisoma riwaya hii kwa sikio la Kiswahili, naona kwamba Lou anaulizwa maana zote nne kwa wakati mmoja, na wanaomwuliza hawajui kwamba ni nne.

Kwa maana ya mwisho, Lou ni mtu mzima bila shaka. Wazazi wake wamekufa, anaishi peke yake, anaendesha gari, analipa bili zake. Jumanne hununua vyakula, Jumatano huenda kwenye mchezo wa vitara, ule wa kupigana kwa panga nyembamba, Ijumaa hufua. Lakini kitabu kinapofunguka tunamkuta mbele ya daktari wa akili anayemhoji kama mtoto wa shule. Daktari anauliza, haelewi jibu, anaandika alichotaka kusikia tangu mwanzo. Lou amejifunza kwa miaka mingi ni majibu gani yasemwe na yapi yafichwe. Hata habari ya vitara hajamwambia. Anajua kwamba mtu kama yeye akitaja upanga, mwenzake atasikia hatari, wala hatasikia mchezo.

Kwa maana ya afya, mambo si mepesi, na hapa nampongeza Moon kwa kutoteleza. Mwanga mkali, harufu nyingi na sauti zinazopishana humlemea Lou kweli. Askari akimwuliza jambo ghafla, maneno humganda kinywani. Huo si uzushi wa jamii, ni mateso ya mwili. Lakini sehemu nyingine kubwa ya shida zake haitoki ndani yake. Mahali penye trampolini na utulivu, yeye ni mfanyakazi hodari. Ondoa hivyo, ghafla ana kasoro. Kila mfanyakazi hutegemea kitu. Mwenye macho hafifu huvaa miwani na hakuna bosi anayemwita mzigo. Kiti, taa, kiyoyozi, mapumziko ya chai, vyote hivyo ni misaada, ila kwa kuwa vinahitajiwa na wengi hatuviiti misaada tena.

Nitoke kidogo nje ya kitabu, niitazame lugha yetu. Zamani Kiswahili kiliwataja watu wenye ulemavu kwa maneno ya kiambishi ki-: kiziwi, kipofu, kiwete, kilema. Umbo hilo liliwapanga pamoja na kiti na kijiko. Hata hivyo sarufi haikukubali kuwaacha huko, kwani tunasema kiziwi huyu amefika, wala hatusemi kiziwi hiki kimefika. Umbo ni la kitu, upatanisho ni wa mtu. Leo tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye usonji, na nafurahi kwamba tumefika hapo. Lakini mwenye nalo lina pande mbili. Mwenye nyumba anaweza kuiuza nyumba akabaki yeye yule. Je, mwenye akili akiuza akili, atabaki nani? Usonji ni wa aina gani kati ya hizo, wa nyumba au wa akili?

Mwaka 1993 Jim Sinclair, mwanaharakati wa Marekani ambaye mwenyewe ana usonji, aliwaandikia wazazi makala ambayo bado inanukuliwa. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba usonji si ganda ambalo ndani yake amejificha mtoto wa kawaida anayengoja kutolewa. Umeingia katika kila hisia, kila wazo, kila namna ya kukutana na dunia. Kwa hiyo mzazi anayesema natamani mwanangu asingekuwa na usonji, mtoto anasikia: natamani usingekuwapo wewe, angekuwapo mwingine. Ni maneno mazito kwa mama ambaye hajalala usiku wa tatu mfululizo, na sidhani yalikusudiwa kumhukumu. Yalikusudiwa kumwonyesha mtoto aliye mbele yake.

Kwa hiyo uzi wa kwanza umetuvutia wa pili. Kama Sinclair ana haki, basi tiba ya Crenshaw haimwondolei Lou kitu. Inamwondoa Lou.

Hata neno la kitaalamu la Ulaya kwa usonji, autism, limebeba jambo hili tumboni. Lilitungwa mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na autos ya Kigiriki, yaani mwenyewe, na daktari wa akili wa watoto aitwaye Leo Kanner alilitumia mwaka 1943 alipoandika habari za watoto 11 aliowaona Baltimore, Marekani. Walionekana kwake kama watu waliojifungia ndani ya nafsi zao. Riwaya ya Moon inaingia ndani ya huo mlango uliodhaniwa umefungwa, na chombo inachotumia ni cha sarufi tu: nafsi ya kwanza. Sehemu kubwa ya kitabu inasimuliwa na Lou mwenyewe, kwa wakati uliopo. Naona. Nasikia. Nashangaa kwa nini anacheka. Sura za watu wengine, kama msimamizi wake Pete Aldrin, zinasimuliwa kwa nafsi ya tatu na wakati uliopita. Msomaji anamkaa Lou kama nguo. Baada ya kurasa hamsini, watu wa kawaida ndio wanaoanza kuonekana wa ajabu: wanauliza habari wasizotaka kujibiwa, wanasema siyo kwa uso na ndiyo kwa mdomo.

Tukio ninalolikumbuka kuliko yote ni la gari. Asubuhi moja Lou anashuka kwenda kazini, anakuta gari lake limekaa chini vibaya. Tairi zimepasuliwa. Baadaye kioo cha mbele kinavunjwa, na baada ya hapo mtu anatega kitu cha kulipuka ndani ya boneti. Sisi wasomaji tunajua mapema mkosaji ni nani: ni Don, anayecheza vitara pamoja naye, anayemwonea wivu kwa sababu ya mwanamke mmoja aitwaye Marjory, na anayechukia kuona mtu kama Lou ana kazi nzuri kuliko yeye. Polisi wanamshuku. Lou anakataa. Anajenga hoja yake hatua kwa hatua, kama fundi anayepanga matofali: Don ni rafiki, rafiki hamdhuru rafiki, basi si Don.

Wasomaji wengine husema hapo ndipo usonji wa Lou unapomponza. Mimi naona kinyume. Lou hawezi kumsoma Don, lakini Don naye, mwenye ubongo wa kawaida na aliyekaa na Lou kila wiki, amemsoma Lou vibaya zaidi. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia Mwingereza ambaye ana usonji, aliliwekea jambo hili jina: tatizo la huruma ya pande mbili. Anasema kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao hakutoki upande mmoja. Wote wawili hawasomani, ila ni mmoja tu anayepelekwa hospitali kwa ajili hiyo. Moon aliliandika jambo hilo miaka kumi kabla, katika umbo la tairi zilizopasuliwa.

Na hukumu ya Don? Katika dunia ile mhalifu wa namna yake hupandikizwa kidude kwenye ubongo ili asiweze tena kutenda alivyotenda. Lou ndiye aliyekosewa, na maisha yake yalikuwa hatarini, lakini habari ya kidude inamsumbua. Watamfanya Don awe mtu mwingine. Anajua, kabla hata ya sisi kulijua, kwamba hatima ya Don na yake zimelala kitanda kimoja. Mmoja anabadilishwa kwa amri ya mahakama, mwingine kwa barua ya kampuni.

Sasa turudi kwa nafsi. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1694 kwamba kinachomfanya mtu awe yule yule leo na jana si mwili wala roho, ni fahamu yenye kukumbuka. Akatoa mfano: tuseme fahamu ya mwana wa mfalme, pamoja na kumbukumbu zake zote, imehamia kwenye mwili wa fundi viatu. Majirani watamwona fundi viatu. Lakini mtu aliyemo ni mwana wa mfalme, na yeye ndiye atakayejibu kwa matendo ya mwana wa mfalme.

Kwa kipimo cha Locke, Lou anapita. Nisiwafiche wasomaji, kwani bila mwisho hatuwezi kulizungumza jambo hili: anakubali tiba. Anarudi kuwa kama mtoto mchanga, kurasa zinavunjika vipande vipande, rangi, sauti, neno moja moja. Kisha pole pole anakusanyika. Kumbukumbu zinarudi. Anawajua watu. Anakumbuka kwamba alimpenda Marjory.

Anakumbuka kwamba alimpenda. Hampendi tena.

Katika kurasa zilizotangulia Lou alikuwa amempenda Marjory kwa namna inayouma moyo: alihesabu siku za Jumatano, alijiuliza kama mtu kama yeye ana haki ya kumwalika chakula cha jioni, alitetemeka akikaa karibu naye. Sasa anamwona ni dada mwema, na habari ya mapenzi yale anaijua kama mtu anavyojua habari aliyoisoma gazetini. Kumbukumbu imevuka mto, moyo umebaki ng'ambo. Locke hana la kusema hapo. Mwaka 2014 watafiti wawili, Nina Strohminger na Shaun Nichols, waliwauliza watu wa kawaida ni badiliko gani humfanya mtu aache kuwa yeye. Waliojibu hawakuweka mbele kumbukumbu. Waliweka tabia ya utu, wema na ubaya wa mtu. Bibi zetu wangewajibu bila utafiti. Mzee akisahau majina ya wajukuu tunasema amesahau. Akiwa mkatili ghafla, yeye aliyekuwa mpole, ndipo tunaposema, huyu si yeye.

Je, Lou mpya ni yeye? Utu wake haukuharibika, bado ni mwungwana. Lakini aliyekuwa akipenda, na kilichokuwa kikipendwa, na namna ile ya kupenda, havipo. Mimi naona Moon amelipa swali hili heshima yake kwa kutolijibu. Msimulizi anaendelea kusema mimi, mimi, kana kwamba hakuna kilichotokea, na ni sisi tunaobaki tumeshika kitabu tukijiuliza ni mimi gani. Nafsi ya kwanza umoja ni kiti. Yeyote akikikalia husema mimi.

Uzi wa tatu ndio unaonikera zaidi, kwa hiyo nitakaa nao.

Inasemwa kwamba Lou alichagua. Vitisho vya Crenshaw havikufika mbali, kwa sababu Aldrin, mtu mwoga ambaye hatimaye anapata ujasiri, anahakikisha wakubwa wa kampuni wanapata habari, na Crenshaw anaondolewa. Kazi za wote zinabaki salama. Kuanzia hapo tiba ni ya hiari. Lou anaweza kukataa na kuendelea kuruka kwenye trampolini yake mpaka astaafu. Kwa hiyo, tunaambiwa, anapokubali, anakubali akiwa huru.

Amejiandaa vizuri kuliko wagonjwa wengi. Anaazima kitabu kizito cha sayansi ya ubongo na kukisoma, akigundua kwa mshangao kwamba anakielewa, baada ya kuambiwa maisha yake yote kwamba mambo hayo hayawezi. Hata hivyo kuna kizuizi ambacho hakuna kitabu kinaweza kukiondoa. Mwanafalsafa wa Marekani L. A. Paul alikieleza mwaka 2014: yako maamuzi ambayo huwezi kuyapima kabla, kwa sababu yanambadilisha mpimaji. Mfano wake ulio karibu na kila mtu ni wa kuzaa mtoto wa kwanza. Unaweza kuwauliza waliozaa, ukasoma, ukapiga hesabu. Lakini atakayefurahi au kujuta ni mzazi, na wewe unayeamua si mzazi bado. Lou yuko hapo hapo, kwa kiwango cha mwisho. Anayetia saini si atakayeishi na saini. Na atakayeishi nayo hawezi kulalamika kwa niaba ya aliyetangulia, kwa sababu mapenzi ya yule aliyetangulia hayamwumi tena.

Kwa nini basi anakubali? Moon anampa sababu kadhaa. Tangu utotoni alitamani kwenda anga za juu, akaambiwa watu wa aina yake hawaendi. Amegundua anaweza kujifunza kuliko alivyodhaniwa. Ameona kwamba kila mtu hubadilika, akitaka asitake. Zote ni sababu za mtu mzima. Lakini angalia ya kwanza. Lou hakuzuiliwa kwenda angani na ubongo wake peke yake. Alizuiliwa na neno la watu, mapema, kabla hajajaribiwa. Mtu akinyimwa mlango miaka thelathini, kisha akaonyeshwa dirisha, akiruka dirishani tuseme amechagua dirisha? Nafikiri ndiyo, amechagua, na uchaguzi wake tuuheshimu. Lakini mlango nao tuukumbuke.

Hapo ndipo ugomvi wangu na mwandishi ulipo. Katika sura ya mwisho miaka imepita, Lou ni mwanaanga, na anasema kwamba zamani yeye alikuwa wa kuulizwa maswali, sasa ndiye anayeuliza. Ni mwisho mzuri kwa masikio. Wapo wasomaji wenye usonji walioumizwa nao, na nawaelewa, kwa maana unaonekana kusema kwamba nyota ni za waliotibiwa. Mimi najibu kwa kitabu chenyewe. Nani aliyeuliza swali kubwa kuliko yote humu ndani, lile la kasi ya giza? Aliuliza Lou wa kwanza. Aliuliza kila siku, bila dawa, akiwa na vidude vyake vinavyozunguka mbele ya feni. Hakuwa na upungufu wa maswali. Alipungukiwa na mtu wa kuyahesabu kuwa maswali.

Na wapo wasio na hata nafasi hiyo. Aldrin ana ndugu yake, Jeremy, ambaye pia ana usonji na anaishi kwenye makao ya kulelewa. Aldrin ana hatia juu yake, ndiyo inayomsukuma hatimaye kuwatetea wafanyakazi wake. Jeremy hatupewi kwa nafsi ya kwanza. Tunamwona kupitia macho ya Aldrin, kwa huzuni ya Aldrin. Nikiandika juu ya usonji sipendi kumsahau, kwa sababu riwaya na filamu hupenda kuwachagua akina Lou, wenye kipaji na maneno, halafu zikajenga hoja nzima juu yao. Kuna watu wazima wasiosema kabisa, wanaojiumiza, wanaohitaji kulishwa na kuogeshwa. Kwa familia zao swali la dawa halina ladha ya falsafa. Mama anayejiuliza nani atamlea mwanangu nikifa hapaswi kuambiwa kwamba anamkana mtoto. Lakini huyo mtoto naye ana namna ya kusema ndiyo na hapana, kwa mkono, kwa kilio, kwa kugeuza uso, na kabla ya kumwuliza kama anataka kuwa mzima ingefaa tujifunze lugha hiyo.

Lisije likapotea: dawa ya riwaya hii ni ya kubuni. Hakuna tiba inayouondoa usonji, na chanzo chake si kimoja, kwani jeni nyingi mno zinahusika, nyingi zikichangia kidogo kidogo na chache adimu zikichangia sana. Kinachosaidia ni msaada wa mapema wa mawasiliano, walimu wanaojua kazi yao, na mazingira yaliyopunguziwa kelele. Anayekuuzia chupa au vidonge vya kumponya mtoto wako usonji anakula hofu yako.

Nimesema swali la giza ni la Lou, lakini Lou naye amelirithi. Elizabeth Moon na mumewe walimlea mtoto wa kiume mwenye usonji, na mwandishi amesimulia jinsi siku moja kijana huyo alivyokuja akasimama mlangoni kwake na kumwuliza: ikiwa kasi ya nuru ni moja, kasi ya giza ni ngapi? Mama alimjibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu, kwamba giza halina kasi. Kijana hakuondoka. Akamwambia huenda ikawa kubwa zaidi, kwa sababu giza lingetangulia kufika.